Kila Mmoja na Sauti Yake: Hotuba ya Kamati ya Bhajan katika Jioni ya Majirani



Kamati ya Maadhimisho imetuomba tuseme machache kuhusu muziki wa ibada unaowakutanisha watu wa dini mbalimbali. Sababu mnaijua. Lipo pendekezo kwamba kikao cha nyimbo, ambacho tumekifanya pamoja na majirani mara tatu sasa, kigeuzwe kuwa chama kilichosajiliwa, kisicholenga faida, chenye katiba, mweka hazina na akaunti ya benki. Wapo wanaotaka lipite leo hii. Wapo wasiolitaka kabisa, na miongoni mwao ni wazee waliotufundisha sisi kushika tabla. Hatukuja kuwashinda. Tumekuja kueleza tulichojifunza kutoka kwa waliotutangulia, kisha tuseme sisi tumeelekea wapi.

Tuanze mbali, katika mji wa Fez nchini Morocco. Huo ni mji mkongwe wenye msikiti na chuo cha Qarawiyyin, ambacho kwa mapokeo kilianzishwa mwaka 859 na mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri. Na kando ya kasri la mfalme upo mtaa wa kale wa Wayahudi. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vilipokwisha, mwenyeji mmoja wa mji huo, mwanaanthropolojia Faouzi Skali, aliyelelewa kiroho katika njia ya Kisufi, alisikitika kuona watu wa Magharibi na watu wa nchi za Kiarabu wakijuana kupitia picha za mabomu tu. Alianza kwa kukusanya filamu zilizohusu mila za kiroho za mataifa. Mwaka 1994 likazaliwa tamasha la muziki mtakatifu wa dunia, nalo limeendelea hadi leo.

Tazameni jinsi lilivyokua. Mwanzo lilikuwa wazo la watu wachache wa mji mmoja. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulilitaja tamasha hilo kwa heshima kwa mchango wake katika mazungumzo ya staarabu, na mwaka huohuo likaongezewa kongamano la asubuhi, ambamo wanafikra, viongozi wa dini na watu wa uchumi hukaa kujadili namna ya kuutia utandawazi roho. Wageni wakaongezeka, wafadhili wakaja, na kazi ikawa ya taasisi kamili. Jioni, nyimbo kubwa huimbwa katika ua wa Bab Makina, penye kuta ndefu za kale. Alasiri, watu walikuwa wakisikiliza chini ya mwaloni mkubwa katika bustani ya jumba la makumbusho la Batha.

Lakini kukua kuna gharama yake. Jukwaa kubwa lina tiketi, na tiketi ina bei. Viti vya mbele hukaliwa na wageni wa heshima, na fundi wa ngozi anayeishi hatua mia mbili kutoka ukutani husikia wimbo ukiwa juu ya paa lake. Waandaaji wenyewe waliliona jambo hilo. Ndiyo maana zikawekwa burudani zisizo na kiingilio katika uwanja wa Bab Boujloud, na mikesha ya Kisufi ambayo yeyote aliweza kuingia na kuketi. Kwa maoni yetu, mikesha hiyo ndiyo moyo wa jambo lote, kwa kuwa hapo anayeimba na anayesikiliza hukaa juu ya mkeka mmoja.

Sasa tuvuke bahari hadi Los Angeles, Marekani. Huko, mwezi Oktoba 1999, lilifanyika tamasha la muziki mtakatifu lililotokana na mwito wa Dalai Lama, aliyetaka karne mpya ipokewe kwa nyimbo za kila imani. Mwandaaji wake alikuwa Judy Mitoma, profesa wa chuo kikuu cha UCLA. Likarudiwa kila baada ya miaka mitatu hadi 2011. Hili halikutegemea tu wasanii wa kutoka ng'ambo. Liliwatazama watu waliokuwa tayari wanaishi mjini humo, wahamiaji wenye ibada zao na nyimbo zao, nyimbo nyingi zikaimbwa katika nyumba za ibada zenyewe. Mtu aliyekaa miaka ishirini akipita mbele ya hekalu fulani bila kujua kilichomo ndani, siku hiyo alialikwa kuingia.

Hizo ni njia mbili. Moja huleta sauti za dunia katika mji, nyingine humfungulia jirani mlango. Sisi hatuna uwezo wa ile ya kwanza, na tukiwa wakweli, hatuna hata hamu nayo.

Turudi basi kwenye ua wetu. Pingamizi la kwanza tulilolisikia lilitoka kwa mzee wetu mmoja, naye alilisema kwa upole: bhajan huimbwa mbele ya Bwana, si mbele ya watazamaji, ukiiweka jukwaani ukapigiwa makofi, umeshamwimbia mwingine. Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tulikwenda nyumbani tumenyamaza.

Pingamizi la pili lilitoka kwa ustadhi, jirani yetu. Alitueleza kwamba kisomo cha Kurani kina kanuni zake na kwao hakihesabiwi kuwa muziki, hivyo kisipangwe katika orodha kati ya wimbo na wimbo. Kaswida za watoto wa madrasa zinaweza kuimbwa, alisema, lakini uani, si mbele ya madhabahu yenu. Mwalimu wa kwaya naye aliuliza kama waimbaji wake watalazimika kushiriki aarti. Maswali haya matatu yametufunza kuliko hotuba zote za umoja tulizowahi kuzisikia, kwani kila mmoja alituonyesha mahali ambapo ibada yake haiwezi kusogezwa.

Nasi tulikosea pia. Katika kikao cha kwanza tulipanga tuanze machweo, saa ya aarti ya jioni, tukasahau kwamba saa hiyohiyo ni ya Magharibi. Kengele zetu na adhana vikagongana hewani. Wageni wetu Waislamu waliinuka kimya wakaenda kuswali, na waliporudi kwaya ilikuwa imekwisha kuimba. Hakuna aliyelalamika, na kimya hicho ndicho kilichotuuma. Tangu hapo tunaanza baada ya Isha, hata kama watoto wanasinzia.

Kuna jambo ambalo Gandhi alilifanya mjini Delhi mwaka 1947. Katika mikutano yake ya sala, iliyofanyika karibu na hekalu la Valmiki, zilisomwa pia aya za Kurani. Watu wakasimama kupinga, wakisema si mahali pake. Gandhi hakuita askari wawatoe, wala hakuiondoa Kurani ili sala iendelee. Alisimamisha sala yenyewe. Kwake, sala iliyomkata jirani haikuwa sala, na sala iliyolazimishwa juu ya anayepinga haikuwa sala vilevile. Tumelizungumza tukio hilo mara nyingi kamatini, hasa tulipojaribiwa kupitisha mambo kwa wingi wa kura.

Na ndugu zangu tunaohofia kwamba kilicho chetu kitachafuka, tukitazame kinanda hiki kilicho mbele yetu. Hamoniamu ni uzao wa Ufaransa wa karne ya 19, ikafika India, na fundi Dwarkanath Ghose wa Kolkata akaitengeneza upya ili ipulizwe kwa mkono, mpigaji akiwa ameketi sakafuni. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku tangu mwaka 1940 hadi 1971 kwa kuwa si chombo cha asili. Leo nani miongoni mwetu anaweza kufikiria bhajan bila hiyo? Kawali za Kisufi nazo huipiga, na hapa pwani Juma Bhalo aliimba taarabu yake ya Kiswahili kwa hamoniamu na tabla, juu ya mahadhi ya Kihindi ambayo mama zetu waliyatambua papo hapo. Ndugu zetu Masingasinga wametutangulia zaidi: katika kitabu chao kitakatifu, kilichopangwa kwa raga, zimo tungo za Sheikh Farid aliyekuwa Mwislamu, na za Kabir, ambaye Wahindu na Waislamu wote humdai.

Baada ya kuyapima haya yote, Kamati imefikia msimamo ufuatao. Tunakubali chama kisajiliwe, kwa sababu fedha za chai na za kukodi viti haziwezi kuendelea kukaa katika mfuko wa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Lakini tunaomba katiba iandikwe kwa uangalifu. Kiingilio kisiwepo kamwe. Kikao kizunguke: mara hii uani kwetu, mara nyingine ukumbi wa kanisa, mara nyingine madrasa, mwenyeji akiweka masharti ya nyumba yake na mgeni akiyafuata au akikataa bila kulaumiwa. Nyimbo zisichanganywe kuwa moja. Kila mmoja aimbe kama aimbavyo kwao, na sisi tusikilize. Makofi yasipigwe. Hilo la mwisho ni la mzee wetu, na tulipomsomea alicheka, akasema basi atakuja, ingawa bado hajasema ataimba.

Wazee watatu hawajakubali. Kwa hiyo hatutaomba kura leo. Rasimu ya katiba imewekwa kwenye meza iliyo karibu na rafu ya viatu, pamoja na daftari. Kila mwenye hoja aiandike, mwanachama au jirani, kwa lugha yoyote aijuayo. Tutakutana tena Jumapili baada ya chakula cha mchana, na majirani pia mna nafasi kwenye mkeka huo.

Sasa tumpishe mwalimu wa kwaya, maana vijana wake wamesimama hapo nje kwa muda mrefu.