Mafuta ya Giaboksi Ndiyo Shahidi



Mtu akienda mnadani kununua ng'ombe humtazama meno, humshika nundu na kumtembeza hatua kadhaa kabla ya kutoa fedha. Lakini mtu huyohuyo akienda kununua pikapu iliyotumika, atapiga teke tairi, atasikiliza injini, atasifu rangi na viti, kisha atalipa fedha alizodunduliza kwa miaka mitano. Giaboksi haiulizii. Mafuta yaliyomo ndani yake hayatazami. Leo basi tuzungumzie jambo hilo: mafuta ya giaboksi na chujio lake, katika pikapu iliyokwisha kutumiwa na wengine kabla yako.

Tukumbuke kwanza kwamba pikapu kwetu si gari la kutembelea jioni. Ndiyo inayotoa nyanya Ilula na kuzifikisha sokoni. Ndiyo inayobeba saruji, madebe ya maziwa, mgonjwa usiku wa manane, na wakati mwingine jeneza. Nyuma ya usukani yupo mtu mmoja, lakini nyuma ya mtu huyo ipo familia nzima inayokula kwa pikapu hiyo. Giaboksi ikifa katikati ya msimu, nyanya hazisubiri, wala mkopo hausubiri.

Giaboksi ziko za namna mbili. Ile ya gia za mkono hutumia mafuta mazito, na kwa kawaida haina chujio. Ya otomatiki ni mambo mengine kabisa. Hutumia mafuta mepesi, aghalabu mekundu, ambayo mafundi wengi huyaita haidroliki. Mafuta haya yana kazi nne kwa wakati mmoja. Kupitia kile chombo cha mviringo kiitwacho konveta, ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka ndani ya giaboksi. Ndiyo yanayosukuma pleti za klachi zishikane ili gia ibadilike. Ndiyo yanayolainisha vyuma, na ndiyo yanayoondoa joto. Kwa hiyo mafuta yakichoka, giaboksi nzima imechoka, hata kama chuma chake bado kizima.

Sasa, pikapu iliyotumika huja bila historia yake. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, rangi inaweza kupigwa upya, na dalali analipwa kwa kusema maneno matamu. Mafuta ya giaboksi ni shahidi asiyejua kusema uongo kwa urahisi. Namna ya kumhoji ni hii: gari liendeshwe mpaka lipate moto, lisimamishwe mahali tambarare, breki ikanyagwe, na gia ipitishwe taratibu katika nafasi zote. Magari mengi ya Toyota hupimwa injini ikiwa inazunguka na gia ikiwa kwenye P. Aina nyingine hupimwa kwenye N, na nyingine injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena, kisha dondoshea tone kwenye kitambaa cheupe.

Tone likiwa jekundu na angavu, ni heri. Likiwa la kahawia, mafuta yamezeeka lakini huenda giaboksi bado ni nzima. Likiwa jeusi na lina harufu ya kitu kilichoungua, jua pleti za klachi zimeungua, na bei uliyotajiwa si bei yake. Likiwa zito na lenye rangi ya waridi kama maziwa ya stroberi, basi maji ya rejeta yamepenya kwenye giaboksi. Hapo usibishane bei. Aga, uende zako. Tena usishangilie upesi mno ukikuta mafuta mapya yanayong'aa katika gari la miaka kumi na tano. Uliza yalibadilishwa lini, kwa nini, na risiti iko wapi. Muuzaji mwangalifu hubadilisha mafuta, na muuzaji mwenye jambo la kuficha hubadilisha vilevile.

Hapa ndipo tunapokutana na usemi unaosikika sana magereji: "Giaboksi ya otomatiki usiiguse. Ukibadilisha mafuta, inakufa." Usemi huu una nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ina hatari kuliko uongo mtupu. Giaboksi iliyotelekezwa miaka mingi huwa na vumbi la pleti zilizosagika likielea katika mafuta. Ukiileta mashine ya kuisafisha kwa presha, uchafu uliotulia pembezoni huamka na kwenda kuziba vijitundu vyembamba vya vali. Na kama klachi zilikwisha kulika, uchafu huo ndio uliokuwa ukizisaidia kushikana. Watu huona gari limeingia gereji linatembea na limetoka linavutwa, wakayalaumu mafuta mapya. La hasha. Giaboksi hiyo ilikuwa imeuawa na yale ya zamani. Mapya yalifika mazishini.

Dawa si kuacha, dawa ni kwenda polepole. Giaboksi ambayo bado inabadilisha gia vizuri, imwagwe mafuta kwa njia ya kawaida, bila presha. Mafuta yote hayatoki kwa mara moja, kwa kuwa mengine hubaki kwenye konveta na kwenye mabomba ya kupoozea. Chukua mfano wa giaboksi ya lita 9 inayotoa lita 3 kila ikifunguliwa. Mara ya kwanza yatabaki ndani mafuta ya zamani lita 6, mara ya pili lita 4, mara ya tatu chini ya lita 3. Zikipita kilomita mia kadhaa kati ya mara moja na nyingine, uchafu hutolewa kidogo kidogo. Ama giaboksi ambayo tayari inateleza, injini ikipiga kelele na gari halisogei, hiyo haiponi kwa mafuta. Inataka fundi wa kuifungua.

Mara ya kwanza sampu ishushwe, kwa sababu chujio limo ndani yake. Gari liegemezwe juu ya stendi imara, magurudumu yakingiwe mawe. Jeki peke yake imekwisha kuua watu. Mafuta yaachwe yapoe hadi uvuguvugu, maana yakiwa ya moto huunguza mkono. Tazama sumaku zilizo chini ya sampu. Ukikuta tope laini la kijivu, hiyo ni hali ya kawaida ya uzee. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoweza kushikwa kwa vidole, simamisha kazi na umwite fundi anayeijua giaboksi.

Chujio nalo lina aina zake. Lile la wavu wa chuma, kama lililomo katika giaboksi nyingi za Toyota za zamani, linaweza kuoshwa na kurudishwa likiwa halijaharibika. Lile la kitambaa kizito halioshwi, hubadilishwa. Fundi ahakikishe ringi ya mpira ya zamani imetoka kabla ya kuweka mpya. Ringi ikipachikwa vibaya, pampu hunyonya hewa, mafuta yanatoa povu, na gari linaanza kuteleza siku hiyohiyo. Bolti za sampu ni ndogo na hazitaki ubavu. Zikazwe kwa zamu, upande huu na upande ule. Mafuta yaliyotoka yapimwe, na kiasi hichohicho kirudishwe, kisha kipimo kihakikishwe gari likiwa na moto.

Msikilizaji utauliza, je, mafuta gani? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuamini kwamba chekundu ni chekundu. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kuundwa kwa wingi ilitangazwa Marekani mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile. Kwa miaka mingi baadaye mafuta ya giaboksi yalitiwa shahamu ya aina moja ya nyangumi, kwa sababu ilizifanya klachi zishikane kwa ulaini. Marekani ilipomtia nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1970, wakemia walilazimika kutafuta kitu cha kushika nafasi yake. Ninalitaja hili ili tuelewe kwamba mafuta haya ni mchanganyiko uliopimwa kulingana na klachi zenyewe. Gari lililoandikiwa Toyota T-IV lipewe mafuta ya sifa hiyo, lililoandikiwa WS lipewe WS, na lililoandikiwa Dexron III lipewe Dexron. Jina la mafuta hukutwa kwenye kitabu, na mara nyingi limechongwa kwenye kijiti chenyewe. Nunua chombo kilichofungwa kwa lakiri, si mafuta yanayopimwa kwa kopo kando ya barabara.

Wapo wanaojitetea kwamba mtengenezaji aliandika mafuta hayo ni ya maisha. Ni kweli, wapo walioandika hivyo. Lakini hata vitabu vya watengenezaji hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na matumizi magumu ni mizigo, vumbi, milima na joto. Hayo kwetu ndiyo maisha ya kila siku. Pikapu inayopanda mlima wa Kitonga na mzigo uliozidi uwezo wake huchemsha mafuta ya giaboksi kwa safari moja kuliko gari la mjini kwa mwezi. Ni busara mafuta ya pikapu ya kazi yabadilishwe kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000. Na kwa kuwa katika magari mengi mafuta hayo hupoozwa ndani ya rejeta, acha kujaza rejeta maji ya bomba. Tia maji yake maalumu, kwani kutu inayotoboa rejeta ndiyo inayoleta yale maziwa ya waridi.

Mafuta machafu nayo yasimwagwe mtaroni. Mtaro huishia mtoni, na mtoni ndiko wenzetu wanakochota. Yatiwe kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaoyakusanya.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Lita chache za mafuta na chujio ni gharama ya mwiba. Giaboksi nyingine ni gharama ya mguu, na mara nyingi mguu huo ndio uliokuwa ukiilisha nyumba. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujamkabidhi mtu fedha zako, chomoa kijiti, udondoshe tone kwenye kitambaa cheupe, umsikilize shahidi. Nawe uliyekwisha kununua, anza kesho asubuhi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.