Kinga Yenye Kumbukumbu

Leo tunaanza na kiumbe mdogo sana: bakteria.

Sote twajua kwamba bakteria wengine hutuletea maradhi. Lakini je, wajua kwamba bakteria pia huugua? Naam. Kuna virusi vinavyovamia bakteria tu. Kirusi humwingizia bakteria chembe zake za urithi, kisha huzaana ndani yake mpaka bakteria anapasuka.

Watengenezaji wa yogati wanaijua hasara hiyo. Virusi hivyo vikiingia, bakteria wa kugandisha hufa na maziwa hayagandi vizuri. Mwaka 2007, wanasayansi waliochunguza bakteria hao walionyesha jinsi wachache wanavyonusurika. Bakteria aliyepona huchukua kipande cha urithi wa kirusi na kukihifadhi katika urithi wake mwenyewe, kama mtu anayeweka picha ya mwizi. Kirusi hicho kikirudi, hukitambua mara moja, na protini zake hukikata kama makasi. Bakteria huyo akijigawa, watoto wake huirithi picha ile.

Mtoto wako hana bahati hiyo. Kinga uliyompa akiwa tumboni hudumu miezi michache tu, kisha hupungua. Hata kama wewe uliugua surua ukapona, mwili wake hauwezi kurithi kumbukumbu yako. Ni lazima ujifunze wenyewe. Chanjo ndiyo humwonyesha picha ya adui kabla adui hajabisha hodi.

Hapa Kenya, chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili: mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili husahauliwa sana, maana mtoto tayari anatembea na aonekana mzima. Lakini wako watoto ambao miili yao haikujifunza vyema mara ya kwanza. Sindano ya pili ndiyo huwakinga. Surua yaweza kuleta nimonia, upofu, hata kifo.

Basi mama, fungua kijitabu cha kliniki leo. Ikiwa miezi 18 imepita na nafasi ile iko wazi, usiogope kukemewa. Mpeleke mtoto, bado hujachelewa.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.