Masika Yakiisha, Tupande Mboga Gani?



Nimeombwa kuzungumzia bustani za mboga. Nitasema juu ya zile zinazochelewa kupandwa tu, maana ndizo zinazokula fedha zetu za mbegu bila kurudisha kitu.

Sisi wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro masika yetu huanza Machi na kuishia Mei. Mkulima hutanguliza mahindi na maharage, na ndivyo inavyopasa. Bustani huikumbuka Mei, palizi ikishapita. Hapo huuliza mboga gani ina bei sokoni, naye hujibiwa: nyanya na kabichi. Heri angeuliza kwanza udongo wake utakaa na unyevu wiki ngapi.

Tuhesabu pamoja. Nyanya hukaa kitaluni kama mwezi mmoja, kisha shambani miezi miwili na nusu hadi mitatu. Aliyesia katikati ya Mei atachuma Septemba, mama akiwa amebeba ndoo kichwani tangu Juni. Tena mawingu na umande wa Juni na Julai huleta bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kuunguza bustani nzima kwa siku chache. Kabichi nayo hutaka karibu miezi mitatu baada ya kuhamishwa.

Mchicha hung'olewa wiki ya tatu au ya nne. Majani ya kunde vilevile. Hayo ni kwa wenzetu wa tambarare. Kule juu penye migomba na kahawa, mchicha hudumaa kwa baridi; huko pandeni chainizi, spinachi na sukuma wiki. Sukuma wiki ni ya subira kidogo, lakini ikishashika utachuma majani ya chini miezi kadhaa, na miche ishirini nyuma ya jiko inamwagilika kwa maji ya kusuuzia vyombo.

Matuta ya kuinuka tuliyoyazoea ni ya kuondoa maji ya masika. Wakati huu hukausha udongo upesi. Chimbeni vitalu vya kuzama kidogo, tieni samadi iliyooza vizuri, mfunike kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Mwagilieni asubuhi, majani yasilale na maji.

Sasa la kamati. Kikao cha robo ya pili kikikaa mwisho wa Juni, fedha hutoka Julai, na mbegu hupandwa vumbini. Kisha taarifa huandikwa kwamba akina mama hawana mwamko! Naomba maombi ya mbegu yajadiliwe Machi, na kila ombi lionyeshe mboga itakuwa tayari baada ya wiki ngapi na maji yatatoka wapi. Nanyi wafadhili, fungu la mbegu ni dogo. Lisisubiri kutumwa pamoja na fedha za majengo. Agosti na Septemba ndipo nyumba nyingi hununua hata mchicha, kwa fedha ya mahindi yaliyopaswa kuliwa hadi mavuno mengine.