Saratani ya Utumbo Mpana: Msimamizi Anapotoweka



Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba saratani ya utumbo mpana haizuki kwa siku moja. Utando wa ndani wa utumbo huo hujengwa upya kila baada ya siku chache. Seli kuukuu hubanduka, na mpya hushika nafasi zake. Kazi hiyo ina msimamizi, nayo ni protini iitwayo APC, ambayo huhakikisha kuwa protini nyingine, beta-katenini, inavunjwa kabla haijarundikana. Jeni ya APC ilitambuliwa mwaka 1991. Ikiharibika, beta-katenini huingia katika kiini cha seli na kuamrisha kuzaliana bila kikomo. Ni kama ghala lisilo na mkaguzi: magunia huingia kila siku, wala hakuna anayeuliza yametoka wapi.

Hapo huota kijinyama kidogo. Vingi havigeuki saratani kamwe. Vinavyogeuka huchukua kwa kawaida miaka 10 au zaidi, baada ya protini nyingine, kama vile KRAS na p53, kuharibika pia.

Hata chakula cha seli hubadilika. Seli nzima ya utumbo mpana hutegemea zaidi butireti, asidi itengenezwayo na bakteria kutokana na nyuzinyuzi za dona, maharage na mboga. Seli ya saratani hupenda sukari, tena huichachusha hata penye oksijeni ya kutosha, jambo ambalo Mjerumani Otto Warburg alilieleza katika miaka ya 1920. Butireti isipotumika hulimbikizana ndani ya seli hiyo na kuizuia isizaliane. Daktari Denis Burkitt, aliyepata kufanya kazi Uganda, alikwisha kuhusisha mwaka 1971 uchache wa saratani hii barani Afrika na chakula chenye makapi. Hilo si jibu lote, kwani pombe, tumbaku, unene, nyama za kusindikwa na urithi vina sehemu yao.

Kinachosikitisha ni haya. Mtu mzima huona damu chooni, akanyamaza, au akaiita bawasiri mwaka mzima, na anapofika hospitali ugonjwa umekwisha ingia katika ini. Angalikwenda mapema, daktari angalipitisha mpira wenye kamera, na akikuta kijinyama, angalikikata papo hapo kwa kitanzi cha waya na kukipeleka maabara.