Masikio ya sungura na masizi ya mbabula

Mama mmoja anayekausha samaki aina ya mikeke kwa moshi ametuma ujumbe: mtu akivuta masizi ya jikoni, yanaishia wapi? Asante mama, umenipa sababu ya kumtaja mtafiti ninayempenda, Yamagiwa.

Kwamba masizi yanaleta saratani, daktari Percivall Pott aliliona London mwaka 1775, kwa wasafisha dohani. Kuthibitisha ndiko kulikoshinda watu. Hadi Tokyo: Katsusaburo Yamagiwa, mgonjwa wa kifua kikuu, na mwenzake Koichi Ichikawa wakaanza kupaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura. Wakapaka, wakapaka, miezi na miezi. Mwaka 1915 saratani ikatoka. Saratani ya kupakwa, wasikilizaji!

Na tuzo ya Nobel? Ya mwaka 1926 akapewa Johannes Fibiger wa Denmark, aliyedai kuwa minyoo ndiyo inayowapa panya saratani ya tumbo. Baadaye minyoo ikaonekana haina hatia. Yamagiwa, mikono mitupu. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Haya, turudi kwa mama. Mwaka 1933 wanasayansi wa London walichuja tani mbili za lami wakapata gramu chache za benzopireni, kemikali inayoleta saratani. Iko pia katika moshi wa kuni, imepanda juu ya chembe za kaboni zenye upana wa nanomita makumi tu. Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Ikiingia mwilini inakutana na vimeng'enya vya P450, ambavyo kazi yao ni kulainisha sumu itoke na mkojo. Vikiishika benzopireni, vinaigeuza kitu kikali kinachong'ang'ania DNA. Mlinzi anamfungulia mwizi mlango!

Ila vimeng'enya si wasaliti wote. Mwaka 2010 mtafiti Valerian Kagan na wenzake walionyesha kwamba mieloperoksidezi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, inaweza kuvunjavunja mirija midogo ya kaboni iliyoundwa maabara.

Simu hiyo... Baba mmoja anauliza: basi tuache samaki wa moshi? Hapana, baba. Mafuta ya samaki yakidondokea moto, benzopireni inazidi. Inueni chanja, ndimi za moto zishuke kwanza, ndipo mpange mikeke.