Vitabu vya Habari za Mlima Elgon na Namna ya Kuvisoma



Cheptais ni mji mdogo ulioko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Siku hizi umo katika Kaunti ya Bungoma, lakini kabla ya tarehe 1 Aprili, 1902, nchi hiyo yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo mpaka ulisogezwa kwa amri ya Serikali ya Kiingereza. Watu hawakuhama, wala mlima haukuhama. Basi mtu atakaye kusoma habari za wazee wake yafaa alikumbuke jambo hili, maana akitafuta vitabu vyenye jina la Kenya tu, vingine vya kale zaidi vitampita.

Miongoni mwa vitabu vya kwanza ni kile cha Bwana Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, kiitwacho "Through Masai Land", kilichopigwa chapa mwaka wa 1885. Bwana Thomson alifika Elgon mwishoni mwa mwaka wa 1883, akastaajabu kuona watu wakikaa mapangoni pamoja na mifugo yao. Wenyeji walimwambia kwamba mapango yale si kazi ya mikono yao, bali ni kazi ya Mungu. Yeye hakukubali, aliandika kwamba yalichimbwa na watu wa zamani, akakisia kuwa huenda ni Wamisri. Wataalamu waliofuata wameeleza kwamba mapango hayo yalipanuliwa na maji, na pia na wanyama, hasa ndovu, wanaokwangua miamba kwa pembe zao ili wapate chumvi. Kumbe wenyeji walikuwa karibu na ukweli kuliko mgeni aliyewauliza! Hata hivyo, kitabu chake kina faida kubwa, maana yale aliyoyaona kwa macho yake ni ushahidi. Yale aliyoyakisia ni makisio tu.

Wa pili ni Bwana C. W. Hobley, ambaye kitabu chake juu ya makabila ya nchi hii kilitoka mwaka wa 1902 kwa jina la "Eastern Uganda". Msomaji na ajue pia kwamba mwaka wa 1895 Bwana Hobley alikuwa miongoni mwa wakuu wa msafara uliopigana na Wabukusu hata kuivunja ngome yao ya Chetambe, karibu na Webuye. Katika kitabu chake kingine cha mwaka wa 1929 alisimulia vita hivyo kama alivyoviona kutoka upande wake. Haifai kumwita mwongo kwa sababu hiyo. Lakini mzee yeyote akaaye barazani anajua kwamba shauri haliamuliwi kwa kumsikiliza mmoja tu. Upande wa pili umeandikwa na Bwana F. E. Makila katika historia yake ya Wabukusu, iliyotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka wa 1978.

Kisha kuna kazi ya Dakta Günter Wagner, Mjerumani aliyekaa na watu wa Maragoli na Wabukusu katika miaka ya 1930. Vitabu vyake viwili, vya mwaka wa 1949 na 1956, vyaeleza ndoa, mazishi, tohara na urithi kwa makini sana. Lakini watu wa mlimani, yaani Wakony na ndugu zao ambao kwa pamoja huitwa Wasabaot, hawakuwa shabaha ya kazi yake. Mwenye kutaka habari za jamaa zao walioko ng'ambo ya mpaka atazipata katika kitabu cha Profesa Walter Goldschmidt juu ya Wasebei wa Uganda, kilichotoka mwaka wa 1976.

Mtu aliyesaidia sana kuziba pengo hilo ni mwanahistoria wa Kenya, Gideon Were. Katika miaka ya 1960 alizunguka kwa wazee, akaandika masimulizi yao. Mwaka wa 1967, pamoja na historia yake ya Abaluyia, alitoa kitabu cha masimulizi ya Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon.

Huenda mtu akauliza, "Vitabu hivi vyatufaa nini sisi wakulima?" Jibu limo katika kumbukumbu za Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter. Tume hiyo iliundwa mwaka wa 1932, na ilichunguza madai ya Wakony juu ya ardhi ya Trans Nzoia, ambayo ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi wa Kizungu. Ushahidi uliotolewa mbele yake ulipigwa chapa mwaka wa 1934. Wazee wa siku zile wamekwisha kufariki, na wengi waliojua mambo kama wao walifariki bila kuulizwa. Maneno yaliyoandikwa bado yasomeka. Yasiyoandikwa yamezikwa pamoja na wenyewe. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na historia nayo ni mali.

Mfano mzuri wa kutunza mali ya namna hii upo Kitale. Huko Kanali Hugh Stoneham alianzisha mwaka wa 1926 makumbusho yake mwenyewe ya vitabu, wadudu na vyombo vya kale. Alipofariki mwaka wa 1966 aliviacha viwe urithi wa watu wote, na mwaka wa 1974 jumba la makumbusho likafunguliwa mjini humo.

Lakini si lazima kuwa tajiri ili kufanya kazi hii. Daftari moja na kalamu vyatosha. Kijana wa Cheptais na amwendee babu yake au nyanya yake, aandike jina la msimulizi, mahali, na tarehe. Aandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Kisha awaendee na jirani wa kabila lingine, asikie nao wasemavyo juu ya jambo lile lile. Kazi hiyo haiwezi kungoja, kwa maana kitabu kikikosekana leo chaweza kupatikana kesho, bali mzee akiondoka harudi.