Kibarua au Mradi? Serikali ya Kenya Katika Midororo ya 2009 na 2020



Bajeti ya Juni 2009 ilisomwa nchi ikiwa hoi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimetawanya wakulima, ukame ukaingia, mafuta na mbolea vikapanda bei, kisha msukosuko wa benki za Marekani ukawapunguza watalii na wanunuzi wa maua. Uchumi uliokua kwa asilimia 7 mwaka 2007 haukufikisha asilimia 2 mwaka uliofuata. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akatenga shilingi bilioni 22 za kuuchochea: masoko ya mazao, shule, vituo vya afya, mabanda ya jua kali na vidimbwi vya samaki.

Mengine nitayaruka ili tukae kwenye vidimbwi, maana ndipo mpango mzima unapoonekana, uzuri wake na kasoro zake.

Yalichaguliwa maeneo bunge 140, kila moja lipate vidimbwi 200 vya mita za mraba 300. Vijana wa maeneo hayo wakachimba kwa majembe na sepetu, wakalipwa ujira. Hadi hapo sina ugomvi na serikali. Pesa ziliingia vijijini upesi, zikanunua unga na kulipa karo.

Tabu ilianza mashimo yalipojaa maji. Kidimbwi kimoja kilihitaji vifaranga wapatao 1,000. Zidisha kwa vidimbwi 28,000, upate vifaranga milioni 28, katika nchi yenye vituo vichache vya kuwazalisha. Mkulima alichukua alichopewa, na mara nyingi alipewa madume na majike pamoja. Tilapia wakichanganywa hivyo huzaana kabla hawajanenepa, na baada ya miezi michache kidimbwi kinafurika samaki wa ukubwa wa kidole, wanaogombania chakula kilekile. Chakula chenyewe, msaada ulipokwisha, kilikuwa ghali. Viwanda vidogo vya kusindika na kuhifadhi samaki vilijengwa Nyeri, Meru, Kakamega na Migori, lakini samaki huvuliwa kwa mkupuo, na wa vijiji vya mbali huharibika kabla hajafika kwenye barafu.

Takwimu zinaonyesha kupanda na kushuka. Ufugaji wa samaki ulitoa takriban tani 4,000 mwaka 2008, ukafika kama tani 24,000 mwaka 2014, kisha ukaporomoka hadi karibu tani 15,000 mwaka 2016. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2013, kazi ya uvuvi ilihamia kwa kaunti. Vidimbwi vilivyoanzishwa kwa fungu la Nairobi vikawa mtoto wa mwingine, asiyetengewa posho.

Siuiti mpango ule bure. Nasema ulibebeshwa kazi mbili zisizoenda kwa mwendo mmoja: kumlipa kijana kibarua wiki hii, na kuanzisha biashara itakayosimama miaka kumi. Ya kwanza hudai haraka. Ya pili hudai vifaranga, chakula, barafu na mnunuzi kabla jembe halijagusa udongo.

Mwaka 2020, corona ilipofunga hoteli na shule, serikali ilijaribu njia nyingine. Mwezi Aprili VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashuka kutoka 30 hadi 25, na wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa kodi hiyo kabisa. Ilikuwa haraka, lakini ilimfikia mwenye mshahara wa kuandikwa, na Wakenya wengi hawaandikwi. Mama mboga wa soko la Kongowea hakukatwa kodi ya mshahara hapo awali, wala sukuma wiki yake haikuwa na VAT ya kupunguzwa. Alichopoteza ni wateja. Ilipofika 1 Januari 2021, VAT na kiwango cha juu vilirudi palepale, kabla wateja hawajarudi.

Mpango wa vibarua wa serikali, Kazi Mtaani, ndio uliomkaribia. Katika awamu ya pili vijana zaidi ya 270,000 walizibua mitaro, wakafyeka na kuzoa taka kwa shilingi 455 kwa siku, wakilipwa kwa simu. Malalamiko ya upendeleo na malipo kuchelewa yalikuwepo, na si madogo. Hata hivyo mradi ule haukujifanya kiwanda. Mtaro ukizibuliwa, kazi imekwisha, hakuna samaki wa kulishwa.

Kwa maofisa wa fedha wa kaunti waliopo hapa, ninapendekeza orodha ya kazi na ya majina iandaliwe sasa, isomwe barazani, isingoje kuandikwa kwenye daftari la chifu siku ya dharura. Na kila mradi utakaoitwa wa kudumu uonyeshe kwenye makadirio nani atalipia mwaka wa pili; asipopatikana, pesa ziende kwenye mitaro.

Linabaki suala la sheria, ambalo naomba tulijadili mchana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, lakini malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti, na haja yenyewe iwe ya haraka na isiyotarajiwa. Mdororo hunyemelea miezi kadhaa. Ni nani, na kwa kipimo gani, atakayetamka kwamba umefika?